Ni Nani Aliyekwenda Akaona?



Usiku mmoja katika majira ya kaskazi, baada ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani kama ilivyo ada yetu, na kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wa darasa letu alikuwa akitusomea khabari za ilimu ya ardhi. Akasoma ya kwamba katikati ya ardhi mna tufe la chuma kigumu, na kwamba tufe hilo limezungukwa na bahari ya chuma kilichoyeyuka, na juu ya bahari hiyo pana mwamba wenye unene wa karibu kilomita 2,900. Hapo mzee mmoja, mtu mwenye akili na mwenye kuheshimiwa, aliweka chini kikombe chake cha kahawa akamwuliza: "Mwanangu, ni nani aliyekwenda akaona?" Kijana akajibu, "Mzee wangu, hapana aliyekwenda." Mzee akasema, "Basi sema wanadhani, usiseme wanajua." Watu wakacheka, kijana akafunga kitabu chake, na mazungumzo yakageukia bei ya unga.

Mimi nilirudi nyumbani na swali hilo, na tangu usiku ule halijanitoka. Kwa hakika mzee hakuuliza juu ya chuma wala mawe. Aliuliza jambo ambalo kila mmoja wetu hulihitaji kila siku, naye halijui kuwa analihitaji: Je, yafaa mtu aseme "najua" juu ya kitu ambacho hapana jicho lililokiona? Tukijibu kwamba haifai kabisa, basi tumevunja nguzo nyingi tunazozitegemea. Kadhi hakuwapo siku ya ugomvi, naye hukata shauri. Tabibu hakuingia ndani ya kifua cha mgonjwa, naye hutoa dawa. Wala hapana katika sisi aliyemwona babu wa babu yake, na kila mtu ana nasaba yake. Na tukijibu kwamba yafaa bila ya sharti, basi tumemfungulia mlango kila mwenye ulimi mwepesi aingie na kusema atakalo, na ajiite mtaalamu.

Wako pia watakaosema kwamba yaliyomo ndani ya ardhi ni katika mambo ya ghaibu, na kwamba mwanadamu hana haki ya kuyagusa. Jawabu yetu ni kwamba neno hili zito lisitumiwe ovyo. Kuna jambo lililofichika kwa kuwa halina alama wala njia ya kulifikia, kama saa ya kufa kwake mtu. Na kuna jambo lililofichika kwa sababu ya umbali au kizuizi tu, lakini alama zake hutufikia. Moto ulio nyuma ya ukuta hatuuoni, lakini moshi wake twauona, na hapana mwenye akili atakayesema kwamba moto wa jirani ni ghaibu, akaiacha nyumba iungue. Tumbo la ardhi ni katika fungu hili la pili. Tunalotakiwa kulitazama ni moshi wake: ni upi, umetokaje, na nani ameupima.

Kwanza tukubali kwamba mzee alisema kweli katika khabari ya safari. Hapana aliyekwenda. Mwaka 1970 Warusi walianza kutoboa ardhi katika rasi ya Kola, kaskazini kabisa ya nchi yao, na mwaka 1989 tundu lao lilifika kina cha mita 12,262. Hilo ni refu kuliko mlima wowote ulioko juu ya nchi. Walakini kutoka hapa tulipo hadi kitovu cha ardhi ni kilomita 6,371. Kwa hiyo kazi yao ya miaka kumi na tisa haikufika hata sehemu mbili katika elfu za safari hiyo. Ni kama mtu aliyelikwaruza ganda la embe kwa ncha ya sindano, naye anataka kuieleza kokwa.

Sasa tuangalie wasioweza kwenda walifanya nini. Mwaka 1798 Mwingereza mmoja, Henry Cavendish, alitaka kujua uzito wa ardhi. Alichukua matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja likipita kilo 150, akayaweka karibu na matufe mawili madogo yaliyotundikwa kwenye ncha za ufito mwepesi uliokuwa ukining'inia kwa waya mwembamba. Matufe makubwa yaliyavuta madogo kwa nguvu ndogo mno, na waya ukapindika kidogo. Kwa kupindika kule akafanya hesabu, akapata kwamba ardhi kwa jumla ni nzito mara 5 na nusu kuliko maji ya ujazo wake. Na mawe tunayoyaokota juu ya nchi ni mazito mara mbili na nusu au mara tatu tu. Basi lazima ndani mna kitu kizito kuliko mawe haya. Hakuchimba hata shubiri moja, na hesabu yake haikukosea ila kidogo sana.

Lakini liko jambo moja katika khabari ya Cavendish ambalo nataka msomaji alishike, kwani tutalirudia. Yeye mwenyewe hakukaa ndani ya chumba chenye mizani yake. Alijua kwamba joto la mwili wake lingesukuma hewa, na hewa ingeusukuma ufito, naye angedhani ni mvuto wa risasi kumbe ni yeye. Kwa hiyo aliufunga mlango, akakaa nje, akatazama kwa darubini kupitia tundu la ukuta. Alijihesabu yeye mwenyewe kuwa ni katika mambo yanayoweza kuiharibu mizani.

Baada ya mizani yalikuja mawimbi. Mnunuzi wa nazi pale sokoni haivunji nazi ili aijue. Huitikisa karibu na sikio akasikia maji yake. Na mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole, sauti ikamwambia kama kina ufa. Ardhi nayo hugongwa, na mwenye kuigonga ni tetemeko. Tetemeko likitokea mahali, hutoa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi na kutokea upande wa pili, na huko vyombo vya kupimia huandika saa yalipofika. Mawimbi hayo ni ya namna mbili. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo hupita katika kigumu na katika maji. La pili hutikisa huku na huku kama kamba inayopigwa, nalo halipiti ndani ya kitu cha majimaji hata kidogo.

Mwaka 1906 Richard Oldham, aliyekuwa amefanya kazi ya kupima ardhi katika Bara Hindi, alionyesha kwamba mawimbi yanayopita karibu na kitovu huchelewa, na kwamba basi pana kiini ndani ambacho si sawa na mwamba unaokizunguka. Baadaye ikathibitika kwamba mawimbi ya namna ya pili hayapenyi katika kiini hicho, na mwaka 1926 Harold Jeffreys akatoa hoja kwamba ni cha majimaji. Kisha mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, akachunguza maandishi ya tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929. Akaona mawimbi hafifu yamefika mahali ambapo, kwa hesabu za wakati ule, yasingepaswa kufika. Ni rahisi kusema juu ya alama hafifu kwamba si kitu. Yeye hakusema hivyo. Mwaka 1936 alitoa hoja yake kwamba ndani ya kiini cha majimaji mna kiini kingine, na mawimbi yale yalikuwa yamepinduliwa nacho. Leo wataalamu wanakubali kwamba alisema kweli, na kwamba kiini hicho cha ndani ni kigumu.

Hata hivyo, mawimbi peke yake ni shahidi mwenye upungufu. Hutwambia jinsi yalivyokwenda mbio, wala hayatwambii jina la kitu yalichopitia. Mtu aliyesikia mlio nyuma ya pazia aweza kusema kwamba ni wa shaba au wa udongo, lakini itampasa kwanza awe amegonga shaba na udongo kwa mkono wake mahali penye nuru. Na hapa ndipo palipokuwa na shida. Mgandamizo uliopo katika kitovu cha ardhi ni kama mara milioni 3 na laki 6 za mgandamizo wa hewa hii tunayoivuta, na joto lake ni zaidi ya digrii 5,000. Je, yuko mwenye sufuria ya kupikia kwa moto kama huo?

Aliyefungua njia ni Percy Bridgman wa Marekani, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi yake ya kukandamiza vitu. Kisha mwaka 1958, katika maabara ya serikali mjini Washington, watu wanne walitengeneza chombo kidogo cha kushikwa mkononi, chenye almasi mbili zilizoelekezana ncha. Baadhi ya almasi walizotumia zilikuwa za magendo, zilizonaswa na serikali kwa watoroshaji. Maana ya chombo hiki ni nyepesi: sindano huipenya nguo ambayo kidole hakiipenyi, kwa kuwa nguvu yote imekusanywa mahali padogo. Chembe ya jiwe huwekwa baina ya ncha mbili za almasi, na skrubu zikizungushwa, chembe ile huona mgandamizo wa mamia ya kilomita chini ya ardhi. Na kwa kuwa almasi hupitisha nuru, mtaalamu aweza kuichungulia chembe ikiwa katika dhiki yake, na aweza kuipasha moto kwa mwali wa leza na kuipima kwa eksirei. Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walikikandamiza chuma kwa njia hii mpaka wakaupita mgandamizo wa kitovu cha ardhi, na joto likapita digrii 5,400.

Basi angalieni jinsi mashahidi wawili walivyokutana. Kwa miaka mingi wenye mawimbi walikuwa wakisema kwamba katika kina cha kilomita 410, na tena katika kina cha kilomita 660, mwendo wa mawimbi huzidi kwa ghafula. Hawakujua sababu. Na katika vyumba vyao, wenye kukandamiza mawe walichukua olivini, jiwe la kijani linalopatikana kwa wingi katika miamba itokayo chini, wakaliona likibadilika umbo kwa ghafula na kuwa zito zaidi. Mgandamizo uliolibadilisha ulikuwa ule ule wa kina cha kilomita 410. Wakaendelea kukandamiza, likabadilika tena kwa mgandamizo wa kilomita 660. Mmoja alikuwa akisikiliza matetemeko na mwingine akibana mawe. Hapana aliyemfundisha mwenzake neno la kusema, na maneno yao yakawa mamoja.

Hatimaye akaja shahidi wa tatu. Wenye maabara walikuwa wamesema kwamba katika kina cha baina ya kilomita 520 na 660 olivini hugeuka kuwa jiwe liitwalo ringwuditi, na kwamba jiwe hilo laweza kubeba maji ndani ya umbo lake. Likawa limeonekana katika mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni na katika maabara, lakini kutoka tumboni mwa ardhi halikuwa limeonekana kamwe. Mwaka 2008 wachimbaji wadogo wa Juína, nchini Brazil, waliokota almasi chafu, isiyo na thamani sokoni. Ndani yake palipatikana chembe ndogo kuliko upana wa unywele. Wataalamu waliokuwa wakitafuta jambo jingine waliipima, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba ni ringwuditi, nayo ina maji karibu sehemu moja na nusu katika mia ya uzito wake. Almasi ile ilikuwa imepanda kutoka kilindini na kuuleta ushahidi ndani ya kifua chake.

Nadhani sasa tumepata nusu ya jawabu ya mzee. Si kweli kwamba pasipo jicho hapana ujuzi. Jicho ni shahidi mmoja tu, tena shahidi anayeweza kudanganyika. Kwa miaka kadhaa walikhitilafiana wataalamu juu ya joto ambalo chuma huyeyuka kikiwa katika mgandamizo wa kiini. Kuna waliochungulia kupitia almasi wakaona uso wa chuma ukichezacheza, wakasema kimeyeyuka. Mwaka 2013 wataalamu waliofanya kazi mjini Grenoble, Ufaransa, walikipima kwa eksirei, wakakadiria kwamba mpakani mwa kiini kigumu chuma huyeyuka kwa joto la kama digrii 6,000, na huenda likazidi au kupungua kwa 500. Wakaeleza kwamba kule kuchezacheza kulikoonekana zamani hakukuwa kuyeyuka bali ni chembe zikijipanga upya. Basi walioona kwa macho ndio waliokosea, na aliyesahihisha ni mwali usioonekana.

Nusu ya pili ya jawabu ni ulimi. Mwaka 1952 Francis Birch, mwanafunzi wa Bridgman na mwalimu katika chuo cha Harvard, aliandika makala kubwa juu ya tumbo la ardhi, na ndani yake akatia dokezo la mzaha. Aliwaonya wasomaji wake kwamba maneno nayo, yakitumiwa katika ilimu hii, hubadilika kwa mgandamizo kama yabadilikavyo mawe. Neno la shaka hugeuka likawa neno la yakini. "Huenda" huwa "bila shaka". Fununu hafifu huwa ushahidi wa kukata shauri. Na mchanganyiko wa madini usiojulikana hupewa jina la chuma safi. Alikuwa akijicheka yeye na wenzake, walakini mzaha huo una thamani kuliko vitabu vingi, kwani mtu anayejua kwamba maneno yake yaweza kugandamizwa hujilinda.

Na mfano wa kujilinda ni huu. Mwezi wa Novemba mwaka 2018 Wamarekani walitua juu ya sayari ya Mirihi chombo kiitwacho InSight, nacho kilikuwa na mashine ya kupimia matetemeko iliyotengenezwa na Wafaransa. Kilisikiliza mpaka mwaka 2022, kikasikia matetemeko zaidi ya 1,300. Mwaka 2021 wataalamu wakatangaza kwamba kiini cha Mirihi ni cha majimaji, na kutoka katikati yake hadi ukingoni ni kama kilomita 1,830. Lakini wenye ilimu ya madini wakasita. Kiini kikubwa kiasi hicho kingelazimu chuma chake kiwe kimechanganyika na vitu vyepesi vingi mno, kupita wanavyoweza kuvikubali. Shahidi wa mawimbi na shahidi wa madini hawakupatana. Mwaka 2023, baada ya kupima mawimbi ya kimondo kilichoanguka upande wa pili wa sayari hiyo, yakatoka maelezo mapya: juu ya kiini pana tabaka la mwamba ulioyeyuka, lililokuwa limehesabiwa kuwa ni sehemu ya kiini. Kiini chenyewe hakipiti kilomita 1,650 hivi au 1,675. Na baadhi ya walioandika masahihisho hayo ndio hao hao walioandika hesabu ya kwanza. Waliandika majina yao chini ya kosa lao, na wakaandika majina yao chini ya sahihisho lake.

Basi kama ningemkuta mzee wangu leo ningemwambia hivi. Kwamba kiini cha nje ni cha majimaji, hilo wanalijua. Kwamba sehemu yake kubwa ni chuma, hilo liko karibu na yakini, kwani uzito, mwendo wa mawimbi, na vimondo vya chuma vinavyoanguka vyote vyashuhudia. Kwamba ni vitu gani vyepesi vilivyochanganyika na chuma hicho, hilo bado ni dhana, na khitilafu ipo. Ujuzi una daraja zake, na uaminifu ni kuliweka kila neno katika daraja yake bila ya kulipandisha.

Pengine msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: Fedha hizi zote za nini, na visima vyetu vimejaa chumvi? Tarehe 26 Desemba mwaka 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, kabla ya alfajiri kwa saa za kwetu. Mawimbi ya ndani ya ardhi yalifika Afrika Mashariki kwa muda wa kama dakika 10. Mawimbi ya bahari yalichukua saa nyingi. Watu waliokufa katika pwani za Bahari ya Hindi walipita 220,000. Hapa Kenya, ambako khabari ilikuwa imetangulia na watu wakaondolewa ufuoni, aliyekufa ni mmoja. Na kuujua mahali tetemeko lilipotokea kwataka kujua mawimbi huchukua muda gani kupita katika kila tabaka la ardhi, yaani kwataka ilimu hii hii ya tumbo la ardhi. Tena dira iliyowaongoza manahodha wetu hufuata nguvu ya sumaku izaliwayo na mwendo wa kile chuma kilichoyeyuka. Babu zetu walikitumia kiini cha ardhi kabla hawajasikia jina lake.

Lakini faida ninayoitaka mimi ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita katika mtaa wetu tulichanga fedha za kutengeneza birika la maji, tukampa mtu mmoja azitunze. Alikuwa mshoni, mtu mkimya. Mwezi wa tatu kazi ilikuwa haijaanza, na ikaonekana katika duka lake cherehani mpya. Mtu mmoja akasema, "Huenda." Wa pili akasema, "Yaelekea." Ilipofika kwangu mimi nilisema, "Bila shaka," na nikaipeleka mbele kwa neno hilo. Baina ya Magharibi na Isha hukumu ilikuwa imekwisha. Siku ya pili yule mtu alileta daftari lake, akalisoma mbele ya watu wawili, na fedha zote zilikuwapo mpaka senti ya mwisho. Fundi wa birika ndiye aliyekuwa akingojea chokaa. Na cherehani ilikuwa ya dada yake, aliyehamia mji mwingine akamwachia. Alilifunga daftari, akakabidhi fedha, akaenda zake. Tulimwomba radhi, akasema ametusamehe. Leo tukimpa salamu huitikia vizuri, lakini barazani hajakaa tena.

Nikilinganisha, hupata haya. Watu hawa walitaka kujua jiwe lililo mbali kilomita 660, wakatafuta mashahidi wasiojuana, wakangoja miaka, na wakaandika kila shaka yao. Na sisi tulitaka kujua moyo wa jirani aliye mbali dhiraa mbili, tukaridhika na alama moja. Mashahidi wetu walikuwa wengi, lakini wote walikuwa wamesikia kwa mtu mmoja. Kumi waliosikia kwa mmoja ni shahidi mmoja aliyesemwa mara kumi. Na hapana hata mmoja wetu aliyefanya kama Cavendish, akatoka nje ya chumba na kujiuliza: Je, mizani hii yasukumwa na kosa la mtu huyu, au na joto la mwili wangu? Kwani katika sisi walikuwamo waliotaka kukabidhiwa fedha zile wao, na mimi nikiwa mmoja wao.

Na hapa pana tofauti ambayo yatupasa tuiogope zaidi. Jiwe halina nia. Ukilipima leo na kesho, kwa joto lile lile na mgandamizo ule ule, litakujibu vile vile. Moyo wa mtu una nia, nayo haina chombo cha kuipimia. Kitendo cha mtu chaweza kuthibitishwa kwa daftari na kwa mashahidi, na haki hutaka tukithibitishe, wala sisemi kwamba mwizi aachwe kwa kuwa hatukuuona moyo wake. Nasema kwamba tuhukumu kitendo kwa ushahidi wake, na nia tuiache kwa Mwenye kuijua. Ile ndiyo ghaibu ya kweli, nayo ndiyo tunayoiingia kila jioni bila ya kuvua viatu.

Basi, ndugu zangu, kila tunapotaka kusema "najua" tujiulize mambo manne. Alama hii imetoka wapi? Je, yuko shahidi wa pili asiyesikia kwa wa kwanza? Je, neno langu lina uzito sawa na ushahidi wangu, au limegandamizwa likageuka? Na nikibainika kuwa nimekosea, je, niko tayari kulisema sahihisho pale pale nilipolisema kosa?

Mimi hilo la mwisho sikulitimiza. Kosa langu nililisema barazani mbele ya watu wengi, na radhi nikaiomba dukani kwake, sisi wawili peke yetu. Kwa hiyo nalisema sasa katika karatasi hii, ambayo najua husomwa barazani, na najua yeye huletewa nakala yake: nilisema bila shaka, na sikuwa na ujuzi hata wa huenda. Na mahali pake pa kukaa, pale karibu na nguzo, pangali wazi.

Wassalaam.